Mdandiaji aliyeitwa Scania

Wadau, leo naomba nianzie mbali kidogo, halafu tutarudi nyumbani Dodoma. Msiwe na haraka.

Mwaka 2009 huko Newquay, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza, wafanyakazi wa jumba la maonyesho ya samaki liitwalo Blue Reef walijikuta na kesi isiyo na mtuhumiwa. Ndani ya tangi moja la kioo, matumbawe yalikuwa yanakatwa usiku. Asubuhi wanakuta tawi liko chini, na hakuna anayejua nani kafanya. Wakatega chambo, chambo kikaliwa na mtego ukaharibiwa. Mwisho wakachoka, wakaamua kulipangua tangi zima, jiwe moja baada ya jingine, ndipo wakamkuta bwana mkubwa kajikunja chini kabisa. Mnyoo wa baharini, urefu zaidi ya mita moja, ana taya za kukata na manyoya yanayochoma ngozi ya anayemshika. Wakampa jina Barry.

Hakuna aliyekuwa amemnunua Barry. Hayumo kwenye risiti yoyote. Inaaminika aliingia akiwa mdogo sana, kajificha ndani ya mzigo wa mawe au matumbawe, akakaa kimya, akala, akakua. Kwa Kiswahili chetu cha barabarani, Barry alikuwa mdandiaji. Karukia lori la watu bila nauli, na dereva hana habari.

Kwa wasiofahamu mchezo wenyewe: kuna watu duniani wanaofuga kipande cha bahari sebuleni. Si wale samaki wa dhahabu wa kwenye bakuli tunaowaona kwenye hoteli zetu. Hawa wana tangi la maji ya chumvi, taa maalumu, pampu za kutengeneza mawimbi, na ndani yake matumbawe hai. Ni ufugaji wa gharama kubwa. Sehemu ya samaki wao inatoka huku kwetu, maana Kenya imekuwa ikivua samaki wa mapambo kwenye miamba ya pwani yake na kuwapandisha ndege kwenda Ulaya na Marekani kwa miaka mingi sasa. Na ili tangi liwe na uhai wanaweka kitu wanachokiita mawe hai, yaani vipande vya matumbawe ya zamani vilivyojaa matundu, na ndani ya matundu hayo wadudu, konokono, mwani na bakteria wa kusafisha maji. Fiji na Indonesia zimeuza sana mawe ya namna hiyo.

Sasa jiwe hai ni kama basi la usiku, hujui limebeba nani. Wengi wa abiria wake ni watu wema, na hili nalisema mapema kwa sababu lina maana huko mbele. Minyoo midogo yenye manyoya, ambayo mgeni wa mchezo huu akiiona kwa mara ya kwanza anapiga kelele, kwa sehemu kubwa ni wasafishaji wanaokula mabaki. Lakini wamo pia wabaya. Yumo kamba fulani mwenye mikono ya kupiga kama bondia, anavunja konokono na kaa, na wakubwa wa aina yake wamewahi kupasua kioo cha tangi. Na yumo mmoja mdogo, anaonekana kama ua la kahawia, jina lake Aiptasia. Huyo ndiye anayewanyima watu usingizi. Ukimkata vipande, kila kipande kinaweza kuwa Aiptasia mpya. Ukimkwangua juu ya jiwe, mabaki yaliyobaki kwenye ufa yanaota tena. Anachoma matumbawe ya jirani mpaka yanarudi nyuma, na baada ya miezi tangi la mamilioni linakuwa shamba lake.

Dawa wanayo, lakini kila mfugaji makini atakuambia kwamba dawa ya kwanza ni kabla ya kuingia. Jiwe jipya haliendi moja kwa moja kwenye tangi kubwa. Linakaa pembeni, kwenye tangi dogo lisilo na kitu, wiki kadhaa. Mwenyewe anakuja usiku na tochi kuangalia nani anatoka tunduni. Samaki mpya naye anakaa karantini wiki nne mpaka sita. Wengine wameamua kabisa kuanza na mawe makavu, yaliyokufa, wakasubiri miezi hadi yapate uhai yenyewe, ilimradi wasimlete mdandiaji.

Nimekaa nikajiuliza kitu kimoja. Huyu jamaa anayelinda lita mia nne za maji ya chumvi sebuleni kwake, mbona analinda mlango kwa ukali kuliko nchi inayolisha mamilioni ya watu? Nadhani jibu ninalo, lakini kwanza turudi nyumbani.

Dodoma haina bahari. Tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wake. Tuna vumbi, mibuyu, zabibu na upepo. Lakini mdandiaji wetu tunaye, tena kwa miaka zaidi ya arobaini, na ukienda kijiji chochote cha Kongwa, Chamwino au Kondoa ukauliza watu habari za dumuzi, hawatakuuliza ni nini. Watakuuliza kama umeleta dawa.

Dumuzi, kwa waliokulia mjini, ni mdudu mdogo wa kahawia iliyokolea, urefu milimita tatu hadi nne na nusu. Ana umbo la mrija, kichwa kimeinama chini ya kifua kama mtu aliyevaa kofia ya koti, na nyuma amekatika bapa kana kwamba mtu kamkata kwa wembe. Wataalamu wanamwita Prostephanus truncatus. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Huko ndiko pia yalikotoka mahindi yenyewe, ambayo yalifika Afrika karne nyingi zilizopita na Wareno. Yaani zao lilitangulia, mdudu wake akachelewa meli, akaja kulikuta huku miaka zaidi ya mia nne baadaye.

Alifikaje? Katikati ya miaka ya 1970 Tanzania ilikumbwa na ukame na upungufu mkubwa wa chakula. Serikali ikaagiza nafaka nyingi kutoka nje, na misaada ya mahindi ikaja pia. Inaaminika kwamba mahali fulani mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, ndani ya mahindi yaliyotoka ng'ambo, dumuzi alikuwemo. Mwaka 1981 ndipo alipotambuliwa rasmi, mkoani Tabora, baada ya wakulima kuanza kuona mahindi yao yakigeuka unga ndani ya maghala. Njia kuu ya mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tabora ni Reli ya Kati, na Reli ya Kati inapita hapa Dodoma. Tiketi yake sijaiona, lakini naamini alichungulia dirishani pale stesheni.

Wananchi hawakungoja jina la Kilatini. Wakamwita Scania. Kama umewahi kusimama kandokando ya barabara ya Dodoma-Morogoro usiku likapita lori la Scania lina mzigo, huna haja ya kuelezwa kwa nini. Napenda sana namna watu wetu wanavyowapa majina hawa wavamizi, kuna ukweli ndani yake kuliko taarifa nyingi za semina. Yule mdudu wa nyanya kutoka Amerika ya Kusini, ambaye aliingia Hispania mwaka 2006 na kutufikia sisi mwaka 2014, wakulima wa kaskazini walimwita Kanitangaze. Maana yake nenda ukawaambie wenzako kilichokukuta. Na huko Kenya sehemu nyingine dumuzi huyohuyo wamempa jina la Osama.

Sasa kazi yake. Fukusi wa kawaida, ambaye babu zetu walimzoea, alikuwa anakula kidogokidogo, na ukame wa kanda yetu ulikuwa unatusaidia maana punje ikikauka sana fukusi anapata shida. Dumuzi hana shida hiyo. Anaweza kuzaliana kwenye mahindi makavu sana, hata yenye unyevu wa asilimia 9. Yaani ulinzi wetu mmoja wa asili watu wa nyanda za kati, ukavu, kwake si kitu. Anapenda mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, maana gunzi linamshikia punje vizuri anapotoboa, na hivyo ndivyo wazee wetu walivyohifadhi mahindi, na maganda yake, darini juu ya moshi au kwenye kihenge. Anatoboa handaki kutoka punje hii hadi ile, na anachokula ni kidogo kuliko anachokisaga. Ukifungua kihenge unakuta vumbi jeupe chini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1983, kwenye maghala ya wakulima wa hapahapa Tanzania, ulikuta hasara ya uzito kufikia asilimia 34 kwa mahindi yaliyokaa miezi mitatu hadi sita. Wastani ulikuwa karibu asilimia 9, lakini mkulima halishi watoto kwa wastani. Asilimia 34 ni zaidi ya magunia matatu katika kumi. Kwenye makopa ya muhogo ni mbaya zaidi, kwa miezi minne tu hasara ilipita nusu.

Na hapa nataka mnielewe vizuri wadau, kwa sababu hasara kubwa ya dumuzi haiko kwenye asilimia hizo. Nyanda za kati tuna msimu mmoja wa mvua. Unapanda Desemba, unavuna Mei na Juni, na ulichovuna ndicho kikubebe mpaka Mei nyingine. Miezi kumi na moja chakula chako kiko ghalani. Mkulima anayejua kwamba Scania iko njiani anafanya hesabu rahisi, bora niuze sasa kuliko kuja kuzoa vumbi. Anaenda Kibaigwa, soko kubwa la nafaka pale Kongwa, anauza wakati kila mtu anauza, kwa bei ya chini kabisa ya mwaka. Januari watoto wakianza kulala na njaa anarudi dukani kununua mahindi, pengine yaleyale, kwa bei ambayo imeshapanda. Hapo mdudu hajala hata punje moja yake, na ameshamla. Ukisikia mtu wa ofisini anasema wakulima wetu hawana nidhamu ya kuhifadhi chakula, muulize kama amewahi kukihifadhi yeye miezi kumi na moja mbele ya dumuzi.

Kuna na hili la kuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu, watu 68 waliugua na 20 wakafariki, kutokana na mahindi yaliyoota kuvu. Sisemi dumuzi ndiye aliyewaua. Lakini punje iliyotobolewa inakaribisha kuvu kirahisi kuliko punje nzima, na hilo halina ubishi.

Tumepambana naye? Tumepambana sana, na wataalamu wetu wanastahili heshima. Ushauri uliotoka miaka ya 1980 ulibadilisha desturi nzima ya kuhifadhi: usiweke magunzi, pukuchua, changanya na dawa ya unga, weka kwenye magunia. Actellic Super ni ndoa ya sumu mbili, kwa sababu ile inayomuua fukusi vizuri haimtoshi dumuzi, na ile inayomuua dumuzi haimtoshi fukusi. Hivyo kila mwaka mkulima ananunua sumu mbili kwa pamoja, moja kwa ajili ya mdudu wa nyumbani na nyingine kwa ajili ya mgeni, na anazichanganya na chakula chake mwenyewe. Ukiuziwa dawa feki, na feki zipo, umelipa bila kupata kinga yoyote.

Wakajaribu na njia ya wafuga samaki. Maana mwenye tangi lililojaa Aiptasia huwa anafanya hivi: anatafuta adui yake, kamba mdogo mwenye mistari myekundu au konokono wa baharini asiye na gamba anayekula Aiptasia tu, anamwachia tangini. Kwa dumuzi wataalamu walirudi Amerika ya Kati wakamchukua mdudu mwingine mdogo anayewinda dumuzi kwao. Togo, ambako dumuzi aliingia mwaka 1984 kwa mlango mwingine, walimwachia mwaka 1991. Kenya wakafuata mwaka 1992. Sehemu nyingine amesaidia, sehemu nyingine amezidiwa. Kuangamiza hakuangamiza.

Na hawezi kuangamizwa, kwa sababu moja ambayo ilinishangaza nilipoisoma mara ya kwanza. Dumuzi kwa ukoo wake ni mtoboa miti. Mahindi ni chakula alichokijua baadaye. Akikosa ghala, porini anaishi ndani ya matawi makavu, na nguzo za kihenge nazo anaweza kuzitoboa. Kwa hiyo hata siku moja nchi nzima ikiamua kufukiza kila ghala kutoka Manyoni hadi Mpwapwa, msituni amebaki anasubiri mavuno. Ni yaleyale ya Newquay, adui yuko ndani ya jiwe lenyewe, tofauti ni kwamba wao waliweza kulipangua tangi. Nyika ya Ugogo utaipangua vipi?

Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali langu la mfuga samaki. Anaweka jiwe karantini kwa sababu akizembea, tangi linaloharibika ni lake. Aliyefungua mlango na atakayelipa ni mtu mmoja. Kwenye dumuzi watu hao wawili hawajawahi kukutana. Aliyejaza mahindi melini hakulala njaa Tabora. Aliyesaini kwamba mzigo ni safi, kama alikuwepo, alistaafu kwa amani. Meli ilishusha ikaondoka. Bili ikaenda kwa mama mmoja mwenye kihenge, ambaye hajaiona bahari, naye akamrithisha mwanawe, na mwanawe analipa mpaka leo kila anapokwenda duka la pembejeo. Katika mpango kama huo nani atahangaika kukaa na tochi usiku?

Najua mtakachoniambia, na ni hoja nzito. Miaka ya 1970 watu walikuwa na njaa. Utaizuia meli ya chakula wiki sita nje ya bandari ukisubiri mdudu atoke tunduni? Mimi nisingeizuia, na sidhani kama kuna binadamu angeizuia. Lakini karantini ya wiki sita siyo njia pekee. Nafaka inaweza kufukizwa kabla haijapakiwa, huko inakotoka, kwa gharama ya anayeituma. Na inaweza kusagwa. Mwaka 2002, wakati wa njaa ya kusini mwa Afrika, nchi kama Zimbabwe na Msumbiji zilitaka mahindi ya msaada kutoka Marekani yasagwe kwanza kabla ya kugawiwa, kwa hofu ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na yakasagwa. Sababu yao ilikuwa nyingine, lakini ilionekana kwamba mwenye njaa naye anaweza kuweka sharti kwenye chakula anachopewa, na kikaja. Unga ni jiwe kavu la wafuga samaki, husafirisha uhai kidogo sana.

Halafu tusijifanye kwamba sisi ni wa kupokea tu. Mwaka 1983 dumuzi alionekana Kenya, upande wa Taveta, mpakani kabisa na sisi. Miaka ya 1990 akawa Malawi na Zambia. Hakuvuka kwa mabawa yake peke yake. Alipanda magunia, na magunia yalitoka wapi? Sisi ndio tulikuwa meli. Pwani yetu nayo ina kisa chake. Yule samaki mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, anayeitwa samaki simba, huku Bahari ya Hindi anaishi na wenzake bila kesi. Wafuga samaki wa Florida wakamnunua, wengine wakamchoka wakamtupa baharini, na sasa amejaza Karibea na pwani ya mashariki ya Marekani, anakula samaki wadogo wa kule ambao hawamjui. Kwao yeye ndiye Scania.

Na wala sisemi kila mgeni ni adui, nilishasema kuhusu wale minyoo wasafishaji. Mahindi ni mgeni. Muhogo ni mgeni. Mwarobaini unaotupa kivuli mji mzima wa Dodoma ni mgeni kutoka Asia, na zabibu tunazojivunia hazikuota Hombolo zenyewe. Kuna hata wageni walioalikwa kwa barua wakageuka balaa, kama kunguru wa India walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakale takataka, wakahamia bara na kula vifaranga vya watu. Kinachoniudhi si ugeni, ni kuingia bila mtu yeyote kuangalia.

Mwaka 2020 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Mimea na ikazaliwa mamlaka moja ya kusimamia afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, makao yake Arusha. Ni hatua nzuri, kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa imegawanyika. Lakini hesabuni wenyewe waliotufikia: inzi wa matunda kutoka Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na mwaka huohuo akawa kwetu. Kanitangaze mwaka 2014. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika, Afrika Magharibi mwaka 2016, kwetu mwaka 2017. Sheria inaweza kuwa nzuri na mpaka ukabaki na mkaguzi mmoja, meza moja na malori mia.

Na mizigo ndiyo inaongezeka. Treni ya umeme kutoka Dar sasa inafika hapa kwa saa chache tangu mwaka 2024. Mji unajengwa usiku na mchana tangu serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016. Tangu izinduliwe ile kampeni ya Dodoma ya kijani mwaka 2017, miche inaletwa na malori kutoka mikoa mingine, ikiwa ndani ya viriba na udongo wake. Napenda miti, msinielewe vibaya. Lakini kiriba cha udongo chenye unyevunyevu kutoka mbali ni nini, kama siyo jiwe hai? Na sisi wasomi tunaokwenda semina nje tukarudi na embe la kule na mbegu za maua tumezifunga kwenye soksi, tukipita uwanja wa ndege kwa tabasamu, sisi je?

Ninachopendekeza ni kitu cha pesa, kwa sababu naamini tatizo ni la pesa. Anayeingiza nafaka, mbegu, miche au udongo kutoka nje, awe mfanyabiashara, shirika la misaada au serikali yenyewe, alipe tozo ndogo kwa kila tani, iingie kwenye mfuko usioguswa kwa semina wala posho. Sehemu ya fedha iajiri wakaguzi na maabara za mipakani, ili majibu yatoke kwa siku mbili badala ya mwezi, maana mwenye lori anayesubiri mwezi atatafuta njia ya panya na mdudu atapita nayo. Atasema gharama inapanda. Ni kweli itapanda, itakuwa kwake, mlangoni, mahali inapoonekana. Sasa hivi iko Chamwino kwenye vumbi la kihenge, na hakuna anayeiandika kwenye kitabu cha hesabu.

Sehemu nyingine ya fedha inunue mifuko. Hii ya tabaka tatu, inayojulikana kama PICS, ilianza kama utafiti wa kunde nchini Kamerun miaka ya 1980 chini ya Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya kiroba kimoja. Unajaza mahindi makavu, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo wanamaliza oksijeni yao wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna sumu, na mfuko mzima usiotoboka unatumika tena mwaka unaofuata. Wa kawaida unaingia kilo 100. Bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, na hapo ndipo mkulima wa magunia kumi anapokwama mwezi Juni, kabla hajauza chochote. Mifuko kumi kwa kaya, ifikishwe Mei kabla ya mavuno, ikopeshwe kupitia vyama vya ushirika na ilipwe Januari bei ikishapanda. Wasianze na wilaya zote. Waanze na Kongwa, soko lipo palepale na malori ya kupeleka mifuko yanakwenda Kibaigwa matupu kila siku kuchukua mahindi.